Hakukusudia, Najua. Andika Mkwaju

Safari hii aliyenichokoza ni kijana wa boda. Zamani alikuwa kedi, mbeba mkoba wa fimbo za wachezaji, sasa ana pikipiki yake na steji yake karibu na uwanja wa gofu wa Kitante, na mimi ni abiria wake wa kila Jumamosi. Kabla sijakaa vizuri akaanza: "Mzee refa, nyie watu wa gofu hamna roho. Mtu hakukusudia, hakupata faida, hata yeye mwenyewe hakuona, na bado mnamkata mikwaju 2. Hiyo nayo ni haki?"

Alikuwa anamzungumzia Shane Lowry, mchezaji wa gofu aliyeongezewa mikwaju 2 kwenye The Open ya 2025 kwa mpira uliosogea bila yeye kuuona. Nilimjibu tangu Kitante mpaka Nakawa, nikipiga kelele mgongoni kwake, na tulipofika akasema tu, "Ajali haina kinga, Mzee," akapokea nauli yake na kugeuza pikipiki. "Hakukusudia" hiyo nimeisikia klabuni, nimeisikia kwenye taksi, nimeisikia hata msibani, marehemu hajashushwa kaburini. Leo naijibu kwa maandishi. Atakayenirudia nayo nitamwelekeza hapa, mimi niendelee na chai yangu.

Tuanze na mpira wa miguu, maana nchi hii hata asiyewahi kushika fimbo anajua kuotea. Mshambuliaji akimpita beki wa mwisho kwa ncha ya kiatu, bendera inapanda na goli linafutwa. Umewahi kumsikia shabiki akilalamika kwamba "lakini hakukusudia kuotea"? Atamtukana mshika bendera, atasema macho yake mabovu, ila moyo wa mshambuliaji hautajwi. Kila mtu anaelewa kuwa kuotea si dhambi, ni mahali ulipokuwa mpira ulipopigwa. Mtu huyohuyo akitazama gofu, ghafla anakuwa wakili wa utetezi.

Nadhani shida inaanzia kwenye neno adhabu. Kwetu neno hilo linanuka shule ya msingi: umekosa, nyoosha mkono. Mkwaju wa adhabu, yaani pigo linaloongezwa kwenye hesabu yako, si kiboko cha mwalimu, ni bei. Mpira umezama majini, unalipa mmoja, unadondosha mwingine, unaendelea. Nani aliwahi kukusudia kuupiga majini? Kanuni za kwanza kabisa zilizoandikwa, zile za Leith kule Uskoti mwaka 1744, zilikuwa 13 tu, na tayari bei ya maji ilikuwemo: utoe mpira wako, mpinzani wako apate mkwaju. Karibu karne tatu sasa, na sijamsikia mtu akilia kwamba maji ni uonevu.

Halafu zipo bahati mbaya zisizo na bei. Klabu ya Jinja ilipata sifa duniani kwa kanuni yake ya kienyeji kuhusu viboko, hawa wa Mto Nili, si wale wa mwalimu: mpira ukitua kwenye shimo la unyayo wa kiboko, unautoa bure. Tumbili akitoka mtini na kuubeba mpira wako uliokwisha kusimama, unaweka mwingine palepale ulipokuwa, hulipi kitu. Kwa hiyo msiniambie gofu haijui ajali ni nini. Inajua, tena ina kurasa nyingi kuliko mnavyodhani.

Sasa nifike panaponiwasha. Watu wanaposema "hakukusudia" wanatupa kapu moja mambo matatu yasiyofanana hata kidogo.

La kwanza ni mtu aliyefanya tendo kwa kutaka, ila hakujua kuwa kanuni inalikataza, au hakujali kusoma. Dustin Johnson, Whistling Straits, PGA Championship ya 2010, shimo la mwisho kabisa. Alisimama kwenye kipande cha mchanga uliokanyagwakanyagwa na watazamaji, akatuliza fimbo yake chini nyuma ya mpira. Alidhani ni uchafu tu wa pembeni. Ilikuwa banka, shimo la mchanga ambamo huruhusiwi kutuliza fimbo chini kabla ya kupiga. Wachezaji walikuwa wamepewa tangazo kwamba mabanka yote pale ni mabanka, hata yale ya nje ya kamba yenye nyayo za watu. Mikwaju 2, akaukosa mchujo wa kuamua bingwa, ambao Martin Kaymer alimshinda Bubba Watson. Ulimwengu mzima ulimlilia. Mimi sikulia. Fimbo iligusishwa chini kwa mkono wake mwenyewe, na karatasi ilikuwa ukutani.

Hapohapo namweka Craig Stadler, ambaye mwaka 1987 huko Torrey Pines alitandika taulo chini ya mti apige magoti bila kuchafua suruali. Kumbe kutandika taulo ni kujijengea mahali pa kusimama. Watazamaji wa runinga wakapiga simu kesho yake, naye alikuwa ameshasaini kadi isiyo na mikwaju ile 2, akaondolewa mashindanoni. Mwaka 1995, mti wenyewe ulipougua, walimwita aje aukate. Akaja. Huyo ndiye mchezaji ninayemwelewa.

La pili ni mtu aliyefanya tendo kwa kutaka, kanuni anaijua vizuri, ila hajui hali ilivyo. Ian Woosnam, Royal Lytham, 2001, Jumapili ya The Open. Alianza shimo la kwanza kwa kupunguza mkwaju, akapanda tii ya pili, yaani mahali pa kuanzia shimo, akiwa miongoni mwa wanaoongoza, ndipo kedi wake akamwambia kuwa mkobani mna fimbo 15. Mwisho ni 14. Mikwaju 2, na fimbo ya ziada ikarushwa vichakani. Alimaliza wa tatu kwa kufungana na wengine. Bila mikwaju ile angekuwa wa pili peke yake. Je, aliitumia fimbo ya 15? Hapana. Alipata faida? Hapana. Ni haki? Ndiyo, na hapa ndipo watu huniacha mezani. Kuhesabu fimbo ni kazi isiyohitaji kipaji wala bahati. Sekunde 20. Kanuni ikianza kuuliza "ulifaidika kwa kiasi gani?" itabidi nije na mizani uwanjani.

Ila hata mimi Russell Henley ananitikisa. Mwaka 2019 huko Mayakoba alikuwa anasaini mipira awape mashabiki baada ya raundi, akagundua kuwa mmoja ulikuwa wa aina tofauti kidogo na ile aliyoanza nayo. Yeye mwenyewe akaenda kwa waamuzi. Wakahesabu: mashimo 4 kwa mpira ule, mikwaju 2 kila shimo, jumla 8. Hakuvuka kwenda raundi za wikendi. Kanuni ya mpira wa aina moja ina sababu yake, mtu asibadilishe mpira kufuata upepo. Lakini 8? Woosnam alikatwa kwa shimo moja kwa sababu aligundua mapema. Mwenzake alizidishiwa kwa sababu aligundua baadaye. Sina utetezi wa hesabu hiyo, na sitajifanya ninao.

La tatu ndilo ajali ya kweli: tendo lenyewe hukulitaka. T.C. Chen, US Open ya 1985, Oakland Hills. Anaongoza kwa mikwaju 4, yuko shimo la 5, anachota mpira kutoka kwenye rafu, zile nyasi ndefu, karibu na grini, zile nyasi fupi zenye shimo, na fimbo inaugusa mpira mara mbili ukiwa hewani. Mkwaju wa adhabu ukaongezwa, akatoka na 8, mwishowe akashindwa na Andy North kwa mkwaju mmoja. Hakuna binadamu anayeweza kufanya jambo lile kwa makusudi. Mpe wiki nzima ajaribu. Na anayegonga mara mbili hajui mpira utakwenda wapi, kwa hiyo hakuna faida ya kufidia. Kanuni mpya za 2019 zikaifuta adhabu ile: fimbo ikiugonga mpira mara moja au mbili, unahesabiwa mkwaju mmoja. Iliwachukua miaka 34 kukubali jambo ambalo kedi yeyote wa Entebbe angewaambia siku ileile.

Kwa hiyo ukija kwangu na "hakukusudia", nitakuuliza hakukusudia nini: kuvunja kanuni, au kufanya tendo? Kutokusudia kuvunja kanuni hakukusaidii kitu na kusikusaidie. Kutokusudia tendo kunastahili kusikilizwa, na kanuni zimekuwa zikisogea upande huo pole pole kama kinyonga. Ukiusogeza mpira kwa bahati mbaya unapoutafuta, siku hizi hulipi, unarudisha. Ukiusogeza kwa bahati mbaya kwenye grini, hulipi, unarudisha.

Hiyo ya grini ilinunuliwa kwa aibu. US Open ya 2016, Oakmont, shimo la 5, Dustin Johnson tena. Amesimama na pata yake, fimbo ya kupigia kwenye grini, mpira unajongea kidogo nyuma. Anamwambia mwamuzi aliye palepale kwamba hakuusababisha, mwamuzi anakubali, Johnson anacheza. Akifika tii ya 12 anaambiwa kuwa huenda akakatwa mkwaju, huenda asikatwe, wataamua akimaliza. Fikiria unacheza mashimo 7 ya mwisho ya US Open bila kujua una alama ngapi! Na wenzake waliokuwa wakimfukuza hawakujua pia: wavizie au wajilipue? Mwishowe walimkata mmoja, na kwa neema ya Mungu alishinda kwa 3 badala ya 4. Januari 2017 ikaja kanuni ya kienyeji iliyofuta adhabu ya grini, na 2019 ikaingia kitabuni. Kilichoniudhi pale si mkwaju wenyewe. Mwamuzi anayesema "nitakwambia baadaye" ameshaingia mchezoni, anacheza na wewe.

Sasa jibu la boda, kwa nini ajali ya kwenye rafu bado ina bei.

Hoja ya kwanza ni kwamba nyasi ndefu hukumbuka. Mpira ukisogea pale, hali uliyokuwa umelalia haiwezi kurudishwa kama ilivyokuwa. Kweli. Hoja ya pili ni kwamba bila bei, watu wangeanza kukanyaga na kuzungusha fimbo ovyo karibu na mpira, na kila ukisogea pazuri, "samahani, bahati mbaya". Kweli pia, ingawa huwa najiuliza ni wangapi hasa wangefanya hivyo.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoisimamia. Gofu haina refa kwa kila mchezaji. Kwenye mashindano tuko wachache, tuko kwenye vigari, uwanja ni mkubwa, na mtu yuko peke yake nyuma ya kichaka na mpira wake. Yeye ndiye refa wake. Huruma ikitegemea kilichomo moyoni, basi mkweli atakayesema "nilizembea kidogo" atalipa, na mwenye maneno matamu atatoka bure. Bei isiyouliza moyo inamlinda huyu mkweli. Bobby Jones mwaka 1925 alijikata mkwaju mmoja kwenye US Open kwa mpira ambao yeye peke yake aliuona ukisogea, kisha akashindwa kwenye mchujo na Willie Macfarlane. Watu humsimulia kama hadithi ya uungwana. Mimi huona pia kwamba kazi yake ilikuwa rahisi kiasi: alihitaji kujua umesogea, hakuhitaji kujihukumu.

Hivyo nilikuwa tayari kumtetea mwamuzi wa Portrush, aliyemkata Lowry, mpaka Nakawa na kurudi. Lakini kuna kitu nilikikwepa kwenye boda.

Raundi ya pili ya The Open, Julai 2025, shimo la 12. Lowry anafanya swingi ya mazoezi karibu na mpira, nao unasogea kidogo. Haoni. Anapiga mkwaju wake wa kweli. Mashimo machache baadaye anaambiwa kuna picha. Baada ya raundi anaangalia, anasema hakuuona ukisogea, anaikubali mikwaju 2. Kwa nini 2? Angeuona, angeurudisha na kulipa 1, Kanuni 9.4. Kwa kuwa hakuuona, hakuurudisha, kwa hiyo alicheza kutoka mahali pasipo pake, na hiyo ilikuwa 2. Soma tena taratibu. Siku ile anayejua alilipa 1. Asiyejua alilipa 2. Kutojua kulitozwa mara mbili.

Kanuni 20.2c inajaribu kutibu jambo hili: kama kitu hakingeweza kuonekana kwa macho ya kawaida, picha ya video haihesabiwi hata ikionyesha wazi. Dawa hiyo ilikuja baada ya Anna Nordqvist, ambaye kwenye mchujo wa US Women's Open ya 2016 fimbo yake iligusa chembe za mchanga bankani wakati wa kuvuta nyuma, kamera ikavuta karibu kabisa, mikwaju 2, Brittany Lang akachukua kombe. Na baada ya Lexi Thompson. Huyo anastahili aya yake.

Jumamosi, mashindano ya ANA Inspiration ya 2017, California. Grini ya 17, mpira uko karibu kabisa na shimo. Anauwekea alama, anauinua, anaurudisha kando kidogo, upana wa kidole gumba. Anamaliza, anasaini, analala. Jumapili mtazamaji mmoja akiwa sebuleni kwake anatuma barua pepe. Lexi anaongoza kwa 2, anatoka grini ya 12, anaambiwa: 2 kwa mahali pasipo pake, na 2 zaidi kwa kuwa kadi ya jana aliisaini bila mikwaju 2 ya adhabu ambayo hakuna aliyejua ipo. Alilia, akapambana, akafika mchujo, So Yeon Ryu akamshinda. Ile 2 ya kwanza naielewa, alikuwa mzembe kurudisha mpira. Ile ya pili ni kumwadhibu mtu kwa kutojua kwamba ameadhibiwa. Tangu Januari 2018 adhabu hiyo ya kadi ilifutwa kwa asiyejua, na barua za watu wa sebuleni hazipokelewi tena.

Swali linakuwa: macho ya nani? Mchezaji akifanya swingi ya mazoezi anatazama anakopeleka mpira. Mtu mwingine aliyeinama palepale angeuona. Mwamuzi anatakiwa kuamua kama yeye angeweza kuuona, na anaamua akiwa ameketi, ameshaambiwa atazame wapi, na picha inarudiwa mara 6. Nimekaa kwenye kiti hicho. Baada ya mara ya tatu kila mpira unasogea.

Na kamera zenyewe zinamfuata anayeongoza. Aliye nafasi ya 70 anaweza kusogeza mpira na kijiji kizima kisijue. Huwa wananijibu kwamba mwizi aliyeonekana hawezi kujitetea kwa wezi wasioonekana. Jibu zuri, ila tumeshakubaliana kuwa hatuzungumzii wezi.

Kwenye viwanja vyetu mara nyingi kamera hamna kabisa. Miaka michache iliyopita, kwenye mashindano ambayo sitayataja, niliitwa kwenye rafu. Kijana wa kulipwa, ndiyo kwanza anaanza, alikuwa ameondoa jani lililoegemea mpira, kisha akapiga. Mwandishi wa kadi yake, mchezaji mwenzake anayemwekea hesabu, akasema mpira ulisogea. Kijana akasema, "Hapana, Mzee, ulitikisika tu." Hii si hila. Mpira uliotikisika ukarudi palepale haujasogea, kanuni inasema hivyo. Uliotoka ulipokuwa ukatulia kwingine, hata upana wa punje ya mtama, umesogea. Kedi wake alitazama viatu vyangu. Nilimuuliza mara mbili, akasema alikuwa anafuta fimbo.

Kanuni hainitaki niwe na hakika kamili, ila inataka niwe karibu kabisa na hakika kwamba ulisogea. Mwandishi wa kadi alikuwa amesimama hatua mbili, hakuwa na ugomvi naye, na alionyesha kwa kidole upande uliosogea bila kuulizwa. Nikaandika 2. Alikosa kuvuka kwenda wikendi kwa mkwaju mmoja, na kwetu asiyevuka halipwi hata nauli. Jioni alikuja kunipa mkono, akaniita Mzee kama kawaida, akaniuliza kama mtoto wake akirudishwa nyumbani kwa ada nitamwandikia mwalimu mkuu barua. Alikuwa anatania. Nadhani alikuwa anatania.

Jani lile nililiokota. Lilikuwa la mwembe, kavu, jepesi, na nimejaribu mara nyingi kwenye nyasi za nyumbani kuusogeza mpira kwa jani la namna ile. Mara nyingine unasogea. Mara nyingine unatikisika tu.